Nani anashika mizani? Historia fupi ya kupima moshi wa kompani



Mtu yeyote aliyefika Lubumbashi anajua vitu viwili visivyoweza kufichwa: shemine ya kiwanda cha shaba, yenye kupita mita 150 kwenda juu, na pembeni yake terili, ule mlima mweusi wa mabaki ya mawe yaliyoyeyushwa. Watu wanapiga picha mbele yake siku ya kupokea diplome. Wageni wanauliza ni mlima gani. Watoto wa muji hawaulizi tena, wameuzoea.

Mimi nilianza kuangalia ile shemine kwa macho mengine wakati wa kazi ya mwisho ya lisanse. Tulikuwa tunachukua udongo, sentimita 20 za juu, ndani ya parsele za watu, upande ule ambao upepo ulikuwa unapeleka moshi. Mama mmoja alisimama karibu na lenga-lenga yake, akatuangalia vile tunajaza udongo ndani ya masashe na kuandika namba. Kisha akauliza kama tunapima udongo tu, ao tutapima pia lenga-lenga. Na kama tutarudi kumwambia. Tulimjibu kama majibu yatakuwa ndani ya kitabu, kwa biblioteke ya iniversite. Mama akacheka. Kile kicheko kilinifuata mpaka nyumbani.

Siku hizi neno "bilani ya kaboni" liko kila mahali. Liko ndani ya matangazo ya kazi ya makompani ya migodi, ndani ya masemina, hata ndani ya mada za TFC. Wengi wetu tunafikiri ni kitu kipya kilicholetwa na mikutano mikubwa ya hali ya hewa. Si kweli. Kupima uchafu wa kompani ni jambo la zaidi ya miaka 160. Na ukifuata historia yake utaona kama swali kubwa halikuwa kamwe "tunapima na mashini gani?" Swali lilikuwa: nani anashika mizani, na mpaka wa kipimo unapita wapi? Ile njo nataka tuangalie pamoja.

1. Uingereza, 1863: namba moja tu

Katika karne ya 19 viwanda vya Uingereza vilikuwa vinatengeneza soda, ile inayoingia katika sabuni, vioo na kazi ya nguo. Njia yao iliitwa Leblanc, jina la Mfaransa aliyeibuni. Walianza kwa kupasha moto chumvi pamoja na asidi ya salfa, na gazi iliyotoka kwa shemine ilikuwa asidi ya kloridriki. Gazi ile ilirudi chini pamoja na mvua na umande. Iliunguza miti na mazao, ikala hata vyuma vya milango.

Wakaaji wa karibu walilalamika miaka mingi. Sheria haikuja juu ya kilio chao. Ilikuja wakati miti na mashamba ya mabwana wakubwa, wenye viti ndani ya bunge, yalipoanza kukauka. Mmoja wao, Lord Derby, alisukuma bunge lifanye uchunguzi mwaka 1862, na mwaka uliofuata sheria iliyoitwa Alkali Act ikapita. Moyo wake ulikuwa namba moja: kila kiwanda cha soda kikamate asilimia 95 ya gazi ile kabla haijatoka nje.

Sasa namba bila mtu wa kuihakikisha ni maneno tu. Kwa hiyo serikali iliweka mkaguzi, mkemia kutoka Scotland jina lake Robert Angus Smith, pamoja na wasaidizi wachache. Walizunguka viwandani kupima gazi ndani ya mabomba yenyewe. Huyu Smith njo aliandika kitabu cha mwaka 1872 juu ya hewa na mvua, na ndani yake akatumia neno "mvua ya asidi", ambalo tunalifundishwa mpaka leo.

Mambo mawili ya kukumbuka hapa. La kwanza: ile asidi iliyokamatwa ikawa bidhaa. Ilitumika kutengeneza klorini ya kufanya nguo ziwe nyeupe, na wakubwa wa viwanda wakaona faida ndani ya kitu walichokuwa wanatupa hewani. La pili: sheria ilihesabu gazi moja tu. Moshi wa makaa ya mawe haukuhesabiwa. Malundo ya mabaki ya viwanda vile, yenye kunuka kama mayai mabovu, yaliendelea kukua pembeni ya nyumba za wafanyakazi. Yalikuwa nje ya mpaka wa kipimo, kwa hiyo kwa sheria hayakuwa tatizo.

2. Katanga, 1911: kila kitu kiliandikwa, isipokuwa moshi

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906, wakati Kongo ilikuwa bado mali ya Léopold II. Reli ya kutoka kusini ilifika Élisabethville mwaka 1910, na mwaka 1911 tanuru ikamwaga shaba ya kwanza. Mwaka ule wote shaba haikufika tani 1,000. Kabla ya krizi ya 1929 kompani ilikuwa imepita tani 100,000 kwa mwaka.

Angalieni vizuri: namba hizi bado tunazijua leo. Kila tani ya shaba iliandikwa. Koke ya kuyeyusha mawe, iliyotoka migodi ya Wankie huko Rhodesia ya Kusini (leo ni Hwange, Zimbabwe), iliandikwa, juu ililipiwa. Reli iliandikwa. Siku za kazi za vijana walioletwa kutoka mbali ziliandikwa, na unga wa mposho wao pia. Lakini katika hesabu ya faida na hasara, moshi haukuwa na safu yake. Hakuna aliyeununua, hakuna aliyeuuza, basi hesabu iliuchukua kama si kitu.

Na haukuwa si kitu. Tangu miaka ya 1920 mgodi wa Kipushi ulianza kutoa mawe yenye salfa nyingi. Ukiyeyusha mawe ya aina ile, salfa inatoka kama gazi ya SO2, na pamoja nayo linatoka vumbi la metali: shaba, zinki, risasi, kobalti. Upepo wa Lubumbashi, sehemu kubwa ya mwaka, unatoka kusini-mashariki. Kwa hiyo moshi ulielekea kaskazini-magharibi miaka na miaka. Watafiti wanaita eneo lile "koni ya uchafuzi". Ndani ya koni ile muko makwartie ya watu, kama Gécamines na Penga Penga.

Wanaagronomi tunajua kilichofuata. Asidi iliua majani na miti. Udongo ukabaki uchi, mvua ikaanza kuuchukua. Asidi inaweza kupungua kwa muda, lakini shaba haiozi na haipotei. Inashika udongo wa juu, palepale ambapo mizizi ya mboga inatafuta chakula. Njo maana mpaka leo kuna viwanja ndani ya muji ambapo jani haliotì vizuri, hata miaka mingi baada ya moshi kupungua. Kitivo cha agronomia cha UNILU kimefanya kazi nzuri ya kutafuta majani yenye kuvumilia shaba, kama Microchloa altera, jani dogo la kwetu Katanga, na kuyapanda pamoja na chokaa na mbolea ya asili ili udongo ufunikwe tena na vumbi lisiruke.

Tarehe 1 Januari 1967 kompani iliingia mikononi mwa serikali, na baadaye ikaitwa Gécamines. Mali ilihama. Udongo ulibaki na wakaaji wake.

Na terili? Kwa miaka mingi ilikuwa takataka. Kisha dunia ikaanza kutafuta kobalti, na ikaonekana kama ule mlima mweusi uko nayo ndani. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000 mashini zikaanza kuuchimba na kuuyeyusha tena. Siku ile kila tani ya "takataka" ilipimwa vizuri sana. Ni hadithi ileile ya asidi ya Waingereza: kitu kinapata safu yake ndani ya kitabu siku kinapopata bei.

3. Kutoka kiwanda mpaka anga

Mwaka 1969 kompani ya Coca-Cola iliomba taasisi moja ya utafiti ya Marekani, Midwest Research Institute, ilinganishe aina za chupa na makopo: inachukua malighafi kiasi gani, nishati kiasi gani, inaacha taka kiasi gani, kuanzia ardhini mpaka jaani. Leo wataalamu wanaihesabu kazi ile kama mwanzo wa kile kinachoitwa uchambuzi wa maisha ya bidhaa. Ni kazi ya akili kweli. Lakini matokeo kamili hayakutangazwa. Kompani ilijipima yenyewe, ikasoma yenyewe, ikafunga kabati.

Miezi michache baadaye, tarehe 1 Januari 1970, rais Nixon wa Marekani alitia sahihi sheria iliyoitwa NEPA. Sheria ile ilidai kama kabla ya serikali kuu kufanya mradi mkubwa, athari zake kwa mazingira zichunguzwe na kuandikwa, na wananchi waweze kusoma. Kutoka hapo njo tulipata kile tunachokiita étude d'impact. Tofauti na kabati ya Coca-Cola iko wazi: hapa kipimo kilikuwa na msomaji mwingine zaidi ya mwenye mradi.

Wakati ule gazi ya kaboni ilikuwa bado jambo la wanasayansi. Mwaka 1896 Msweden Svante Arrhenius alikuwa amehesabu kwa mkono kama CO2 ikiongezeka angani, dunia itapata joto. Kuanzia 1958 Mmarekani Charles Keeling aliipima juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii: ilikuwa karibu sehemu 315 kwa milioni. Leo imepita 420. Kipimo kile kimoja, kilichofanywa bila kuacha mwaka baada ya mwaka, kilifanya mengi kuliko hotuba elfu.

Kisha zikaja siasa: mkataba wa Rio mwaka 1992, na Kyoto mwaka 1997. Lakini Kyoto ilihesabu nchi. Kompani inayochimba hapa, inasafisha kule, inauza mahali pengine na kulipa kodi mahali pa nne, haikuonekana ndani ya hesabu ya namna ile.

4. Maduara matatu

Jibu lilikuja mwaka 2001. Taasisi mbili, World Resources Institute na baraza la wafanyabiashara liitwalo WBCSD, zilitoa kanuni inayoitwa GHG Protocol. Ufaransa nayo, kupitia shirika lake ADEME, ilitoa mwaka 2004 njia ya Bilan Carbone iliyotengenezwa na injeniere Jean-Marc Jancovici. Jina hilo njo tumelirithi sisi tunaosoma kwa Kifaransa. Mwaka 2010 sheria ya Ufaransa ikalazimisha makompani yenye wafanyakazi zaidi ya 500 kufanya bilani hiyo.

Hesabu yenyewe si ngumu, musiogope. Unachukua kazi iliyofanyika (litri za mazuti, kilo za mbolea, kilometa za lori), unaizidisha na kiasi cha gazi ambacho kila kipimo kinatoa. Unapata kilo ao tani za CO2. Gazi zingine zinageuzwa ili ziwe kama CO2, kufuatana na nguvu yao ya kupasha dunia moto.

Ugumu uko katika mpaka. GHG Protocol iligawanya maisha ya kompani katika maduara matatu. Duara la kwanza: kile kompani inachoma yenyewe. La pili: umeme inaonunua. La tatu: yote mengine, yanayotangulia na yanayofuata, malighafi, usafiri, mpaka kile mteja anafanya na bidhaa.

Chukua mufano wa mulini ya kusaga unga wa bukari. Tuseme mwenye mulini anatumia grupu, litri 20 za mazuti kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Ni litri 6,000. Litri moja ya mazuti ikiungua inatoa karibu kilo 2.7 za CO2. Jibu: kilo 16,200, ni kusema tani 16 na kidogo. Ile ni duara la kwanza. Akipata umeme wa SNEL, ambao karibu wote unatoka kwa maji, tani zile zinakaribia kuisha na duara la pili linabaki dogo sana. Kwa karatasi amekuwa msafi.

Lakini mahindi yametoka wapi? Mara nyingi Zambia, kwa lori. Na yalilimwa na mbolea gani? Hapa wanaagronomi tuko nyumbani. Ukitia kilo 100 za nitrojeni shambani, kanuni ya kawaida ya IPCC inasema karibu asilimia 1 inaruka kama gazi ya N2O. Inakuwa kilo 1.57 za N2O. Kwa ripoti ya IPCC ya 2021, kilo moja ya gazi ile ina nguvu ya kilo 273 za CO2. Basi mbolea ile pekee, bila hata kuhesabu kiwanda kilichoitengeneza, ni karibu kilo 430. Yote iko katika duara la tatu la mwenye mulini.

Kwa kanuni ya 2001, duara la kwanza na la pili ni lazima. La tatu liliachwa kwa hiari ya kompani. Kanuni kamili ya duara la tatu ilitoka tu mwaka 2011. Kwa miaka kumi, basi, kompani ya mafuta iliweza kuhesabu taa za ofisi zake na magari ya wakubwa wake, na kuacha nje mafuta yenyewe iliyouza.

5. Mizani inageuzwa kwa mnunuzi

Hapa kuna kipande cha historia ambacho kila mwanafunzi anapaswa kukijua. Mwaka 1992 profesa William Rees wa Kanada aliandika juu ya "unyayo wa kiekolojia", na mwanafunzi wake Mathis Wackernagel akaendeleza hesabu yake: watu wa muji fulani wanahitaji ardhi kiasi gani ili waishi. Lilikuwa swali la iniversite.

Katikati ya miaka ya 2000, kompani ya mafuta BP, pamoja na wataalamu wa matangazo, ilichukua wazo la unyayo na kulitembeza dunia nzima kama "unyayo wa kaboni". Iliweka hata kikokotoo ili kila mtu ajihesabie: wewe unaendesha gari mara ngapi, unakula nini, unasafiri wapi. Si uongo, kila mtu ana sehemu yake. Lakini ona kilichotendeka: muuza mafuta alitoka mbele ya mizani, na mnunuzi akapandishwa juu yake.

Mwaka 2014 mtafiti Richard Heede aligeuza mizani tena. Alihesabu kuanzia 1751 mpaka 2010, na akaonyesha kama wazalishaji 90 tu wa mafuta, gazi, makaa ya mawe na saruji, makompani binafsi na ya serikali, wanafungamana na asilimia 63 ya CO2 na metani za viwanda za muda wote ule. Alifikaje pale? Aliweka ndani ya hesabu ya mzalishaji gazi ya mafuta aliyoyauza. Dunia ni ileile, moshi ni uleule. Mpaka njo ulisogea.

6. Kobalti safi, makala sifuri

Sasa turudi nyumbani, juu mambo haya yanatugusa hivi leo. Kongo inatoa karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia, na kobalti inaingia ndani ya betri za magari ya umeme. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya betri, namba 2023/1542. Inataka watengenezaji wa betri za magari watangaze bilani ya kaboni ya betri zao, na wachunguze kule malighafi inakotoka. Tarehe za kuitekeleza zimesogezwa, lakini njia imefunguliwa. Siku moja tani ya kobalti ya Kolwezi itauzwa pamoja na namba yake ya kaboni.

Na kwa namba ile tunaweza kuonekana vizuri. Migodi ya Katanga imeishi na umeme wa maji tangu zamani: Mwadingusha mwaka 1930, Koni mwaka 1950, kisha Nzilo na Nseke, na tangu 1982 ule mstari wa karibu kilometa 1,700 unaoleta umeme wa Inga mpaka Kolwezi. Pale ambapo migodi inawasha magrupu ya mazuti kwa sababu umeme hautoshi, namba inapanda. Na sehemu kubwa ya kobalti yetu inaenda kusafishwa China, ambako makaa ya mawe bado yanatoa umeme mwingi. Lakini hatua ya hapa, kwa kaboni, inaweza kuwa safi kuliko ya nchi nyingi.

Shida ni hii: udongo hauongei lugha ya CO2. Mto uliopokea maji ya asidi hauna duara lake. Mwaka 2009 watafiti wa UNILU na wa Leuven walitangaza kama watu wanaoishi chini ya kilometa 3 kutoka migodi na viwanda vya Katanga walikuwa na kobalti nyingi zaidi ndani ya mkojo wao kuliko wanaoishi mbali. Ile haiingii katika bilani ya kaboni hata kidogo. Kompani inaweza kupata namba nzuri kabisa ya kaboni, na lenga-lenga ya yule mama ibaki vilevile. Hakuna aliyedanganya. Mpaka tu haukufika kwa bustani yake.

Makala ni mufano wa pili. Tuseme bulanjeri inaoka mikate kwa makala. Kwa GHG Protocol, CO2 ya kuni na makala haiingii katika maduara, inaandikwa pembeni. Sababu yake inaeleweka: mti ukikatwa na mwingine ukaota, unakamata tena ile kaboni. Kwa msitu unaotunzwa, hesabu hiyo inasimama. Lakini zungukeni muji wa Lubumbashi mutazame msitu wa miombo ulivyorudi nyuma, barabara kwa barabara. Mti usipoachwa kuota tena, ile "pembeni" ni deni la kweli, na mukopeshaji wake ni kijiji ambacho lori la makala lilipita.

Siseme kama bilani ya kaboni ni bure. Keeling ametuonyesha nguvu ya kipimo kimoja kinachofanywa vizuri. Nasema kaboni ni gazi moja ndani ya hadithi ndefu, sawa vile asidi ya kloridriki ilikuwa gazi moja mwaka 1863. Waingereza walipima vizuri kile walichochagua kupima, na malundo yakaendelea kunuka.

7. Basi sisi tufanye nini?

Sheria tunazo. Kodi ya migodi ya 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, na sheria ya mazingira ya Julai 2011 zinadai uchunguzi wa athari kwa mazingira na kwa jamii kabla ya mradi. Iko pia Agence Congolaise de l'Environnement ya kuzichunguza kazi zile. Kinachokosa ni watu wengi wenye kujua kusoma ripoti za kurasa 400, kuuliza swali na kukaa mpaka wapate jibu. Watu wale ni sisi. Mwanasheria asome kifungu, mwanauchumi asome gharama, mkemia asome maji, mwanaagronomi asome udongo.

Mukipewa bilani yoyote, iwe kazini, iwe kwa kikao cha kijiji, anzeni na maswali matatu. Mpaka wake unapita wapi, na duara gani limeachwa? Nani alipima, na nani mwingine asiyelipwa na kompani alihakikisha? Na kile kilichobaki nje, ni nani anaishi juu yake? Maswali haya hayahitaji labo. Yanahitaji mtu asiyeona haya kuuliza.

Na kama wewe njo utaajiriwa kufanya bilani, jua kama hapo utakuwa umeshika mizani. Wakubwa wako watakupa mpaka tayari umechorwa. Fanya kazi yako kwa ukweli ndani ya mpaka ule, lakini andika wazi, kwa ukurasa wa kwanza, kile usichopima. Mstari mmoja wa namna ile unaweza kumsaidia mwingine miaka 20 baadaye.

Mimi mwenyewe nilichelewa. Mwaka mmoja ulipita kabla nirudi kwa yule mama, na karatasi moja iliyoandikwa kwa Kiswahili: udongo wako uko hivi, mboga za majani zioshe sana, tia chokaa na mbolea ya kuku, ao inua vitanda na udongo wa mahali pengine. Aliita kijana wake asome kwa sauti. Walisikiliza mpaka mwisho. Kisha mama akauliza chokaa inauzwa bei gani, na nani ataenda kuilipa.

Sikuwa na jibu la swali la pili. Kwa zaidi ya miaka 100 tani za shaba zilihesabiwa moja moja, lakini chokaa ya yule mama haijaandikwa ndani ya kitabu cha mtu yeyote. Mimi naona kazi yetu inaanzia pale.